Dada Yangu Mkubwa na Dawa ya Kukua

Dada yangu alizaliwa kabla yangu. Naanza hapo kwa sababu nimelisema jambo hilo maisha yangu yote, na walioniamini ni wachache. Mama alimzaa huko kwetu, milima ya Masisi, akashuka naye Goma akiwa mgongoni. Mimi nilizaliwa baadaye, mjini, katika nyumba ya mbao tuliyokuwa nayo Katoyi, juu ya mawe meusi ya volkeno yanayokata viatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea. Mama alisema nilikuwa namshika nguo kwa nyuma, naye ananikokota kuzunguka uwanja. Kisha nikamfikia begani, kisha sikioni, kisha nikampita. Tangu hapo watu wakawa wananiambia mimi: "Angalia mudogo wako asianguke."

Nililichukia neno hilo. Yeye alilichukia zaidi.

Siku zile wazazi wengi hawakuwa na karatasi za kuzaliwa za watoto, kwa hiyo shule ilikuwa na kipimo chake. Mwalimu alimsimamisha mtoto mlangoni, akamwambia apitishe mkono wa kuume juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Ukilishika, umefikia umri wa kusoma. Usipolishika, rudi kwa mama yako. Dada yangu alikwenda, hakulishika. Mwaka uliofuata hakulishika. Mwaka mwingine tukaenda pamoja, mimi nikashika sikio langu bila taabu na kuingia darasani, naye akabaki nje. Alikuwa amejaribu kuinamisha kichwa ili mkono ufike, na mwalimu akaona, akacheka, watoto wote wakacheka. Kusoma alijifunza kwangu, jioni, kwa hasira. Nilipokosea kumfundisha alinifinya.

Wala hakuwa na ulemavu wa kuonekana. Miguu yake ililingana na mikono, mikono ililingana na kichwa. Alikuwa mtu kamili aliyepunguzwa, na uso wa mviringo, na sauti nyembamba. Alijua kusonga bugali kuliko mimi, alijua kutwanga sombe ya majani ya muhogo, alijua kumtuliza Mama alipokuwa na huzuni. Alitaka kitu kimoja tu, nacho ni kuhesabiwa mtu mzima. Urefu wenyewe hakuujali sana. Alitaka kukaa upande wa akina mama kanisani. Alitaka, penye kilio, apewe chungu apike pamoja na wengine, badala ya kufukuzwa motoni kama mtoto atakayeungua. Ni kitu kidogo. Wanawake wengine hukipata bila kukiomba, na wengi wao hukilalamikia.

Alipokuwa kama miaka kumi na minne, ingawa mgeni angesema saba, alishikwa na homa, Mama akampeleka hospitali ya misheni. Kulikuwa na daktari mzee, Mzungu, anayesema Kiswahili cha polepole. Aliiacha homa akawa anatazama mikono ya dada. Akapiga picha ya kifundo cha mkono, akaitazama dirishani muda mrefu, kisha akasema anataka kuwaona baba na mama pamoja. Dada alikuwapo, nami nilikwenda nao kwa sababu nilikuwa na Kifaransa cha shule, endapo Kiswahili chake kingekwama.

Hakikukwama. Alieleza vizuri, tena bila haraka. Chini ya ubongo, alisema, kuna kitu kidogo, sawa na punje ya haragi, maharagwe yetu ya kila siku. Punje hiyo inatoa maji yanayoamrisha mifupa irefuke. Ya mtoto huyu imelala. Lakini dawa ipo. Ni sindano, mara kadhaa kila juma, kwa miaka. Yeye ana wenzake Ulaya watakaoituma bila malipo, mradi ianze upesi kabla mifupa haijajifunga. Kisha akaongeza maneno ambayo wakati ule hakuna aliyeyasikiliza isipokuwa dada yangu.

"Hiyo haiko dawa ya kukua tu. Hata mimi muzee, maji hayo bado iko kidogo ndani yangu. Yanashika nyama, yanashika ngozi. Huyu asipoyapata, atakuwa na uso wa mutoto kwa muda murefu. Halafu atazeeka mara moja, bila kupita katikati."

Baba alikuwa mchinjaji. Tangu ujana wake alifanya kazi machinjioni, na aliamini kwamba kila kitu kilichomo mwilini kina mahali pake na kina kilikotoka. Basi akauliza swali la mchinjaji, kwamba dawa hiyo wanaitoa wapi.

"Dokteri, dawa hiyo banaitosha wapi?"

Daktari yule angeweza kusema kiwandani. Angeweza kusema haijui asili yake. Nimeishi na wagonjwa miaka mingi, najua namna ya kulizunguka swali. Lakini alikuwa mtu mnyofu, na unyofu wake ukatuponza. Akasema inatolewa kwa watu waliokufa. Wanafunguliwa kichwa, punje inatolewa, zinakusanywa nyingi, zinasagwa, zinasafishwa. Baba akauliza kama ya ng'ombe haifai, maana vichwa vya ng'ombe anavyo kila siku. Daktari akasema ya ng'ombe haikubali katika mwili wa mtu, ya mtu tu ndiyo inakubali. Nilimwona Baba akitikisa kichwa kukubali. Sasa najua kwamba neno lile, haikubali, hakulisikia.

Kwetu, jambo kubwa la mtoto haliamuliwi bila mjomba. Kaka yake Mama aliitwa, akaja kwa gari lake kutoka shambani. Shamba lenyewe lilikuwa la Mzungu, upande wa Sake, na wakati serikali ilipowanyang'anya wageni mali na kuwagawia wananchi, yeye alikuwa mwananchi aliyesimama karibu. Alikuja amevaa abakosi, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa Zaïre, akakaa kwenye kiti kizuri, akapewa bia. Mimi na dada tulikuwa tunamenya viazi mlangoni. Baba alimweleza yote.

Mjomba aliweka glasi chini. "Mutoto wa dada yangu hatakula batu."

"Si kula," Mama alisema, "ni kupiga sindano."

"Ni moja tu. Kikiingia mwilini umekula. Batu benye balikufa, nani anabakula? Si mulozi? Kesho mutaa muzima utasema nyumba hii ni ya bulozi. Na watoto wengine hawa, nani atabaoa?" Hapo alinitazama mimi. Kisha akauliza, kwa uzito wote, kama wale waliokufa walikuwa wamebatizwa.

Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba ng'ombe naye ana punje hiyo chini ya ubongo, yeye mwenyewe anajua ilipo. Mjomba akafurahi, akapiga goti lake kwa kofi. "Sasa! Ng'ombe yetu ya Masisi, yenye maziwa, yenye nguvu, itashindwa na maiti ya Ulaya?"

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Na hapo dada yangu aliacha kisu, akasimama katikati ya chumba, akasema: "Mimi nataka sindano."

Mjomba hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alicheka kwa upendo, akamvuta akamkalisha juu ya mapaja yake, msichana ambaye wenzake wa rika walikuwa wanaanza kuposwa, akatoa pipi mfukoni akamenya karatasi yake na kumtia mdomoni. "Hayo ni maneno ya bakubwa, mutoto wangu." Alimpenda, sikatai. Alimpenda jinsi mtu anavyompenda mtoto wa mbuzi.

Tangu juma lile Baba akawa anarudi kutoka machinjioni na kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Ndani yake mna kitu cha rangi ya waridi iliyochakaa, kidogo kuliko ncha ya kidole gumba. Mama alikichemsha kwa chumvi. Dada alikimeza bila kutafuna, akanywa maji, akakaa ameziba mdomo kwa kiganja mpaka kitulie tumboni. Miaka ikapita hivyo. Wanaume wa machinjioni walimjua Baba kwa jambo hilo. Wengine walimwekea vichwa, wengine walimtania kwamba binti yake ataota pembe. Alikuwa akimtazama dada kwa jicho la mchinjaji anayekadiria uzito, halafu anamgeukia Mama: "Naona ameongezeka kidogo." Mama anajibu ndiyo. Hakuwa ameongezeka.

Siku moja Baba alikutana na yule daktari njiani, akamweleza kwa fahari. Daktari akamwambia kwamba tumbo husaga punje hiyo sawa na nyama nyingine yoyote, na hata isingesagwa, ufunguo wa ng'ombe haufungui mlango wa mtu. Baba alitusimulia maneno hayo mezani, neno kwa neno, bila kubishana nayo. Kesho yake akaleta kifurushi kama kawaida. Daktari alirudi kwao muda si mrefu, na hakuna aliyemtafuta mwingine. Sikuweza kumkasirikia baba yangu kama nilivyotaka. Alikuwa anafanya kitu, na mtu anayefanya kitu kila siku ni vigumu kumwambia kwamba hafanyi kitu.

Mimi nikasoma uuguzi. Darasani, mwalimu alipochora ubongo ubaoni na kutundika kile kipunje chini yake, nilihisi moyo unanienda mbio kama niliyekutana na mtu wa nyumbani. Nikajifunza jina lake: homoni ya kukua. Nikajifunza kwamba mifupa ikishajifunga, imejifunga. Nilirudi nyumbani na habari hiyo kifuani, sijui niitoe vipi. Dada alikuwa anaosha masufuria.

"Najua," alisema kabla sijamaliza. "Mifupa ni yangu. Ilipofunga, mimi njo nilisikia."

Kisha nikaposwa na kijana wa familia ya wafanyabiashara kutoka Butembo. Kwetu milimani mdogo hampiti mkubwa mlangoni mikono mitupu. Mchumba humletea dada mkubwa kitenge, akampa mbele ya watu, na dada mkubwa akikipokea amekubali kupitwa. Si kitu cha bei. Ni namna ya kusema: tumekuona, tunajua uko mbele. Nilimwambia mchumba wangu, naye, ingawa si desturi ya kwao, akachagua kitenge kizuri mno, cha kijani na manjano. Dada alijua kinakuja. Alikuwa amesuka nywele.

Mjomba ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Kitenge kilipotolewa, alikikunjua, akakisifu, akauliza: "Hiki ni cha mukubwa. Sasa hapa mukubwa ni nani? Mukubwa si huyu anaolewa?" Watu wakacheka, hata wa upande wa pili, kwa adabu. Akampa Mama. Kisha akatoa zawadi aliyoileta mwenyewe kwa ajili ya dada: gauni la kitoto la dantele, ile lesi, lenye utepe kiunoni, "ili apendeze siku ya arusi." Alikuwa amelinunua ghali. Siku ya arusi dada alilivaa, akatembea mbele yangu na maua, kati ya watoto wa chekechea. Sina lawama juu ya ndoa yangu. Lakini picha ya siku ile sijapata kuitundika ukutani.

Muda mfupi baada ya hapo, yale maneno ya daktari yakaanza kutimia. Sijui alianza kuzeeka siku gani, maana sikuwa namtazama kwa jicho hilo. Niliona kwanza pembeni mwa mdomo, mikunjo myembamba sana, kama karatasi iliyoshikwa na mikono yenye maji. Kisha macho. Kisha ngozi yote ya uso ikawa nyepesi na kavu mithili ya ganda la kitunguu, huku uso wenyewe ukibaki na umbo lake la mtoto. Tumbo likalegea. Akawa anachoka kwa kazi ndogo, na mifupa inamuuma asubuhi. Hakuwa amefika miaka thelathini. Watoto wa Katoyi, waliokuwa wakimwita aje kucheza nao, sasa walimkimbia, wakisimama mbali na kupiga kelele: "Kikongwe! Kikongwe!" Na akina mama waliokuwa wakimfukuza motoni asiungue, sasa walimfukuza wakinong'ona kwamba ana kitu.

Alikuwa mtoto, halafu akawa ajuza. Kati ya hayo mawili kuna nyumba nzima ambamo watu wengine wote wanaishi, wanapenda, wanagombana, wanaitwa mama fulani, na yeye hakufunguliwa mlango hata wa jikoni. Najua mengi kuhusu homoni ile sasa. Najua kwamba inapungua kwa kila mtu kadiri miaka inavyokwenda, kwamba ikipungua nyama hulegea na mafuta huongezeka, na kwamba wapo waliodhani kuirudisha ni kurudisha ujana. Nimesikia pia, kwa daktari mmoja kijana, kwamba mambo si mepesi hivyo. Panya wanaozaliwa bila homoni hiyo hubaki wadogo, lakini huishi muda mrefu kuliko wenzao. Na watu wa namna ya dada yangu, wengine husalimika na magonjwa yanayoua wazee. Nilimpelekea habari hiyo kama mtu anayepeleka zawadi.

"Kwa hiyo nitaishi sana," alisema.

"Huenda."

"Sawa hivi niko?" aliuliza, akijishika uso uliokunjamana.

Sikurudia kumweleza.

Na nimesikia jambo jingine, ambalo hata kuliandika kunanikera. Ile dawa ya zamani, ya vichwa vya wafu, iliachwa. Baadhi ya watoto wa Ulaya waliodungwa walipata ugonjwa wa ubongo miaka mingi baadaye, wakafa vibaya. Ninapowasimulia watu, huwa wananiambia: basi mjomba wenu alimwokoa. Siwezi kusema hapana. Siwezi kusema ndiyo. Alikataa asichokijua kwa sababu isiyokuwapo, na huenda ikawa bahati. Lakini hakuna aliyemwuliza mwenye mwili, na bahati haifuti hilo. Ninajua angejibu nini. Alijibu siku ile mlangoni, akatiwa pipi mdomoni.

Wazazi wetu wakafa, Baba kwanza, Mama nyuma yake. Nikamchukua dada akae kwangu. Nilikuwa nasimamia zahanati ndogo upande wa Lac Vert, njia ya Sake, yenye friji la mafuta ya taa kwa ajili ya chanjo. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Zaïre, mshahara haufiki, umeme wa mjini unakuja unapotaka, na kila mtu anaishi kwa kujitegemea, yaani kwa kuiba kidogo au kulima kidogo. Dada alinisaidia bila malipo, kama mimi nilivyofanya kazi bila malipo. Alichemsha mabomba ya sindano, akakata pamba, akawashika watoto mikono wakati wa chanjo. Wale wa huku hawakumkimbia. Labda kwa sababu walimkuta tayari yupo, na koti jeupe nililolipunguza mikono.

Mjomba alikuja asubuhi moja, bila taarifa. Sikuwa nimemwona muda. Alikuwa amevuka sitini, lakini nywele zake zilikuwa nyeusi tii, na alishuka garini akirusha miguu kama kijana anayekwenda kucheza mpira. Ameoa mke mpya, msichana. Ametoka Ulaya kutibiwa. Alibeba kisanduku chenye barafu, akakiweka juu ya meza yangu kwa uangalifu mkubwa.

"Nina dawa hapa, inaogopa joto. Kwangu courant haiko, na groupe, ile mashini ya umeme, imekufa. Uniwekee kwa friji yako. Na kila mara nitakuja unidunge, maana mimi mwenyewe siwezi, mukono unatetemeka."

Nikauliza ni dawa ya nini.

"Ya kurudisha ujana," alisema, akacheka. "Bakubwa wote wa Kinshasa banadunga. Unarudi kijana. Nguvu, usingizi, ngozi. Angalia!" Akanionyesha mkono wake. Ulikuwa umevimba. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye nyama ya kidole.

Nilitoa chupa moja, nikasoma maandishi. Nikasoma tena. Dada alikuwa nyuma yangu anakata pamba, na nilisikia mkasi umesimama.

"Mujomba," nilisema, "unajua hii ni nini?"

"Hormone ya kukuza. Na usiogope, haitoki tena kwa batu benye balikufa. Zamani njo ilikuwa vile. Sasa banaitengeneza kiwandani, safi kabisa."

Alisema hivyo hivyo, kirahisi, kama mtu anayeeleza sabuni. Nikamwambia: hii ndiyo dawa uliyoikataza nyumbani kwetu Katoyi. Hii ndiyo dawa uliyosema ni bulozi. Nikamkumbusha bia, abakosi, ng'ombe wa Masisi na maiti ya Ulaya. Nikamkumbusha vifurushi vya Baba. Sikupaza sauti, lakini wagonjwa kwenye benchi la nje waligeuza shingo.

Alinisikiliza kwa mshangao, paji la uso limekunjamana. Alikuwa anatafuta kweli kichwani mwake, na hakuona kitu.

"Mimi? Mimi nilisema vile? Lini?" Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Labda ni baba yenu. Baba yenu alikuwa mutu wa mashaka."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, ndivyo tunavyosema. Lakini anayerusha mkuki hukumbuka angalau kwamba alirusha. Huyu alikuwa amesahau. Jambo lililomla dada yangu maisha yake yote, lenye kila siku yake na kila usiku wake, kwake yeye lilikuwa mazungumzo ya alasiri moja juu ya glasi ya bia, kisha akapanda gari. Nilitamani awe mwongo. Mwongo ningeweza kumchukia nikapumua.

Niliweka chupa chini. Nikamwambia simdungi. Nikamwambia pia, kama muuguzi, kwamba vidole vile vilivyovimba si ujana, na kwamba dawa hiyo kwa mtu mzima mwenye homoni yake inaweza kumletea sukari na maumivu ya viungo. Akaniangalia kama mtu anayenyimwa chakula.

"Mudunge," dada alisema.

Niligeuka. Alikuwa ameshaleta pamba yenye spiriti na bomba lililochemshwa, ameviweka kwenye sahani.

"Mudunge, ametoka mbali."

Sikujua kwa nini alisema vile, na sikumwuliza, hata baadaye. Nikachanganya unga na maji yake ndani ya chupa, nikavuta, nikatoa hewa. Mjomba alifungua kifungo, akageuza uso ukutani, akafumba macho kwa nguvu. Kumbe aliogopa sindano. Dada akamshika mkono, kama alivyowashika wote waliopita pale, na yule mzee mwenye nywele nyeusi akavibana vidole vyake vidogo mpaka nilipomaliza.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha," dada alimjibu.

Alifungua macho, akafurahi, akavaa vizuri. Ndipo akamwona. Nadhani alikuwa hajamtazama tangu aingie. Alimtazama uso ule uliokunjamana, koti lile jeupe, urefu ule ule wa siku za Katoyi, na macho yake yakajaa huruma ya kweli. Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali, akitafuta kitu cha kumpa, hakupata. Akaona ile chupa tupu mezani, yenye kizibo cha mpira wa buluu. Watoto wa zahanati huziokota chupa hizo na kuchezea. Akaichukua, akainama, akamnyooshea.

"Chukua, mutoto. Utachezea."

Dada yangu, mwanamke wa kukaribia miaka arobaini, aliipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa kupokea kutoka kwa wakubwa.

"Aksanti, Mujomba."

Alitoka. Tulisikia akiwasalimu wagonjwa nje mmoja mmoja, akiwauliza habari za nyumbani, kisha gari likawaka. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Nilitaka kumwambia dada aitupe chupa ile, aivunje juu ya mawe, nami ningefagia. Lakini alikuwa amenipa mgongo, amesogea dirishani penye mwanga, na alidhani simwoni. Aling'oa kizibo kwa meno. Akaigeuza chupa juu ya kiganja chake, akaitikisa, akangoja, akaitikisa tena.

Haikutoka hata tone.